Insha Niliyoicheka

"Jamani, sikilizeni hii," nilisema huku nimeinua karatasi juu. "Huyu alikuwa anaandika insha au anakimbizwa?"

Mchoraji alianza kucheka hata sijasoma. Huyo ndiye mtu wa kumsomea kitu kibaya, hakuangushi.

Nikakohoa kidogo, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "'Baba yangu alinifundisha kufungua redio kabla sijajua kusoma saa. Anaijua kila waya kwa rangi yake. Hapa hospitali kuna feni mbili na moja haizunguki. Mtu wa tatu katika maisha yangu ni subira.'"

"Mtu wa tatu?" Mchoraji akauliza. "Wa kwanza na wa pili wako wapi?"

"Wamebaki ndani ya hiyo redio!"

Chumba kizima tulivunjika mbavu. Na chumba kizima ni watu wanne tu: mimi mwalimu wa uandishi, Mchoraji wa michoro yetu, Mama Mkutubi ambaye alitupa kile chumba cha nyuma ya maktaba, na Fundi. Fundi ndiye aliyekuwa anajenga tovuti. Ni Fundi pia ambaye Jumapili ya wiki ile mama yake na wajomba zake walikuwa waje kwetu kujitambulisha, kwa hiyo mnaelewa ni nani kwangu.

Kazi yetu ilikuwa mwongozo wa uandishi wa chuo, wa mtandaoni, ambao mwanafunzi anaweza kuufungua kwenye simu yake akiwa amekwama. Kurasa kumi na mbili: namna ya kuanza insha, namna ya kupanga aya, namna ya kutaja ulikotoa maneno ya watu, na kadhalika. Ukurasa wa saba ulikuwa ndio fahari yangu. Tuliuita "Insha Iliyofeli". Insha ya kweli, na pembeni yake maoni yangu mekundu kumi na manane. Ijumaa kamati ya chuo ingekaa kuamua kama mwongozo wetu unaishi au unazikwa.

Insha tuliitoa kwenye kabati la kazi ambazo wanafunzi hawakurudi kuzichukua. Tulikuwa na utaratibu wetu: Mama Mkutubi anabandua karatasi ya mbele yenye jina, bila kuitazama, anaitia kwenye bahasha na kuigundisha. Asiaibike mtu. Tulijisifu sana kwa utaratibu ule.

Fundi peke yake alikuwa hacheki. Alikuwa anaandika maoni yangu kwenye kompyuta kadiri ninavyoyasema.

"Ya nne," nikamwambia. "Andika: 'Mwandishi anarukaruka kama mtu anayeitwa kila baada ya sentensi mbili.'"

Vidole vyake vikasimama.

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mpenzi. Usinipunguzie ladha."

Akaandika. Kisha, bila kugeuka, akauliza: "Na aliyeandika hii, unadhani yuko wapi sasa?"

"Nani anajua? Labda yuko mahali anauza viatu, na wateja wanamshukuru Mungu hakuendelea na kalamu."

Mchoraji akapiga meza kwa kicheko. Fundi aliandika maoni yote kumi na manane, akahakikisha yamekaa vizuri, akafunga kompyuta, akavaa koti lake. Hakuniaga. Nikadhani amechoka.

Nusu saa baadaye simu yangu ikaita mlio wa ujumbe.

*"Ukurasa wa saba umekamilika. Mengine yaliyobaki Mchoraji anaweza. Jumapili tusubiri kwanza. Tafadhali usinitafute."*

Nilisoma mara tatu, nikiwa nimesimama katikati ya ngazi za maktaba, watu wananipita kushoto na kulia.

*

"Ana mtu," dada yangu alisema kesho yake asubuhi, hata chai hajamaliza. "Mwanaume akikuambia 'tusubiri kwanza', jua kuna mwingine anasubiriwa."

"Dada, Fundi? Yule hata kudanganya umri wa simu hawezi. Mteja akileta simu mbovu anamwambia 'hii imekufa, kazike'."

"Wewe mtetee tu. Umempigia?"

"Mara kumi na moja. Hapokei."

"Ulimkosea nini?"

"Sijamkosea chochote! Tulikuwa tunafanya kazi, tunacheka, yeye akaondoka."

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Insha fulani tu ya ajabu."

"Na yeye alicheka?"

Nikavikumbuka vidole vyake vilivyosimama. Hakuwa amecheka.

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa mezani kwa Mama Mkutubi kabla hajaweka hata mkoba wake chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

"Mama, naomba bahasha ya ukurasa wa saba."

Aliniangalia juu ya miwani. "Ile haifunguliwi. Tulikubaliana wote, na wewe ndiye uliyesema kwa sauti kubwa zaidi."

"Najua. Lakini Fundi aliniuliza mwenye insha yuko wapi. Katika insha zote tulizotumia, hajawahi kuuliza swali hilo."

Mama Mkutubi aliweka mkoba wake chini. Akafungua mtoto wa meza, akaitoa bahasha, akaisukuma mbele yangu. Nikaichana. Karatasi ya mbele ilikuwa ya miaka minane nyuma. Na pale juu, kwa mwandiko mnene wa wino wa bluu, lilikuwepo jina kamili la mtu ambaye kwenye simu yangu nimemwandika "Wangu".

"Ni yeye?" Mama Mkutubi aliuliza.

Nilimgeuzia karatasi aione. Nilitamani sakafu ya maktaba ipasuke inimeze. Miaka mitatu ya mapenzi, na aliwahi kuniambia jambo moja tu kuhusu chuo: "Nilianza, sikumaliza." Sikuwahi kuuliza zaidi. Nilidhani ni heshima kutouliza.

"Mama, nilimcheka usoni."

"Wote tulicheka."

"Mimi ndiye niliyekuwa nasoma."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?" akaniambia, mkali kabisa. "Toka!"

*

Duka lake la kutengeneza simu na kompyuta lipo katikati ya kinyozi na duka la vyombo. Mama yake ndiye anayepokea wateja na kuwaandikia karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umechelewa siku mbili." Akasimama, akachukua mkoba wake. "Mimi naenda kununua chumvi."

"Mama, chumvi ipo nyumbani," Fundi alisema kutoka ndani.

"Basi naenda kununua nyingine."

Akatuacha. Fundi alikuwa ameinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mkononi.

"Nimefungua bahasha," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Si tulikubaliana haifunguliwi?"

"Nimevunja makubaliano. Na wewe nimekuvunja moyo. Naomba msamaha kwa yote mawili."

"Sawa."

"Usiniambie sawa kama unamjibu mteja!"

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa mekundu, na mimi machozi yangu yalikuwa tayari yamefika kidevuni.

"Unajua ni nini hasa kilichoniuma?" akauliza.

"Viatu."

"Siyo viatu. Mjomba anauza viatu, na Jumapili ungempa kiti cha mbele. Kilichoniuma ni pale uliposema narukaruka kama mtu anayeitwa. Kwa sababu nilikuwa naitwa kweli."

"Na nani?"

"Nesi." Akaweka bisibisi chini taratibu. "Baba alilazwa siku kumi na moja. Mimi nilikuwa benchi la korido na hiyo insha mapajani. Kila nikiandika sentensi mbili, nesi anatoka: 'Nani yuko na mzee wa kitanda cha sita?' Naenda. Nikirudi sikumbuki nilikuwa nataka kusema nini. Siku ya kumi na mbili nikaikabidhi, nikaenda kuzika. Hata alama sikurudi kuziangalia."

Neno hospitali lilikuwa pale kwenye karatasi. Nimelisoma mwenyewe, kwa sauti, kwa mbwembwe zote, na halikunigusa. Mimi ninayelipwa kusoma.

"Naifuta leo hii," nikamwambia. "Naenda sasa hivi kuutoa ukurasa wote."

"Ukiifuta utakuwa umenifelisha mara ya pili."

"Sasa unataka nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Kila mahali ulipopiga wekundu, niulize nilitaka kusema nini. Tangu niiandike, hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza."

Nikavuta kigoda cha wateja, nikaketi. Nikatoa nakala ya insha kwenye mkoba. Nikaiweka juu ya magoti kama mtahiniwa.

"Maoni ya kwanza," nikasema. "Hapa kwenye redio. Ulitaka msomaji ajue nini?"

"Kwamba baba hakuwa na subira na watu, alikuwa nayo kwa redio tu. Mimi alinivumilia kwa sababu nilikuwa nashika redio."

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Niliitwa."

Nikaandika jibu lake, neno kwa neno.

"Na feni?"

"Alikuwa analala anaitazama ile isiyozunguka. Akaniambia, 'Hiyo ni waya tu, ningepata ngazi ningeitengeneza.' Hawezi hata kukaa, lakini anataka ngazi."

"Na huyu mtu wa tatu?"

"Wa kwanza ni baba. Wa pili ni yule nesi. Nilikuwa nao kichwani kabisa. Nikaenda kumgeuza baba, niliporudi nikadhani nimeshawaandika."

Nikaweka kalamu chini.

"Hii ni insha nzuri."

"Siyo nzuri, usinibembeleze. Imevurugika."

"Imevurugika, na ni nzuri. Na mimi ni mjinga."

Kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ilicheza kidogo.

"Umenisamehe?" nikadandia hapo hapo.

"Tumefika ya tatu. Uliza ya nne."

"Na Jumapili?"

"Jumapili iache kwanza."

Tulimaliza kumi na manane saa sita na nusu. Mama yake alirudi na chumvi paketi mbili, akatukuta tumeinamia karatasi moja, akapita kwenda nyuma kimya kimya.

*

"Tunabadilisha mwongozo mzima," nikawatangazia mchana ule ule.

Mchoraji alidondosha kalamu. "Mzima? Ijumaa ni keshokutwa! Umechanganyikiwa?"

"Kila ukurasa una maoni yangu. Kila oni ni amri: futa hiki, panga kile. Mwanafunzi aliyekwama hahitaji kugombezwa, anahitaji kuulizwa alitaka kusema nini. Kila amri inageuka swali."

"Ni maoni mangapi yote?"

"Mia mbili na sita."

"Mungu wangu. Mimi nimeshachora mwalimu mwenye rungu!"

"Mpokonye rungu."

"Nimpe nini mkononi?"

"Kigoda," alisema Mama Mkutubi. "Mchore amevuta kigoda, amekaa." Kisha akakunja mikono ya gauni lake. "Nipeni mimi kurasa za rejea. Miaka yote hii nawaambia watoto 'umekosea kutaja kitabu', sijawahi kuwauliza walikipata wapi."

Kazi haikuwa ya kitoto. Mimi nilikuwa naandika maswali, Mama Mkutubi anayajaribu kwa wanafunzi waliokuwa maktaba, anawashika mmoja mmoja: "Wewe, njoo. Ukiulizwa hivi utajua la kufanya?" Mwanafunzi akikunja uso, swali linarudi kwangu. Mchoraji alichora upya picha tisa na kulalamika kwa kila moja. Lakini tulikuwa tumekwama kwenye kitu kimoja: tovuti haikuwa na mahali pa majibu. Palikuwa na maoni tu, mwandishi hawezi kujibu.

Alhamisi saa nne asubuhi mlango ukafunguliwa. Fundi akaingia na kompyuta yake, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote.

"Nimeona mnavyohangaika na hizo kurasa," akasema. "Mmeshaharibu tatu."

"Ni Mchoraji," nikasema haraka.

"Ni wote!" Mchoraji akafoka. Kisha akasimama, akamwendea, akapunguza sauti. "Kaka, nisamehe. Nilicheka kama mjinga."

"Ulicheka vizuri tu. Sogea, unanizibia mwanga."

Mpaka saa kumi, chini ya kila swali palikuwa na nafasi ya jibu. Hakuwa ameniambia hata neno moja la mapenzi. Lakini chai yangu aliikoroga yeye, sukari kijiko kimoja na nusu, kama ninavyopenda. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

*

Ijumaa. Kamati watu saba, na katikati Mkuu wa Kitivo, mtu aliyewahi kuua mradi mzima kwa kupiga miayo. Fundi alikaa nyuma kabisa, karibu na mashine ya kuonyeshea picha ukutani.

Niliwapitisha ukurasa mmoja mmoja. Hakupiga miayo. Tulipofika wa saba akainua mkono.

"Simama hapo. Huyu mwenye insha, mna ruhusa yake? Maana naona mmemwanika kama nguo kwenye kamba."

Mama Mkutubi alinigusa mguu chini ya meza. Jibu rahisi lilikuwepo: ruhusa ipo, tuendelee. Lakini lilikuwa jibu la nusu, na nilikuwa nimechoka kuficha.

"Mkuu, kosa ni langu," nikasema. "Tuliitoa kabatini bila kumuuliza mtu. Tulificha jina tukadhani inatosha. Kisha mimi, mwalimu wa uandishi, nikaisoma kwa kejeli mbele ya mwenyewe bila kujua ni yeye. Alikuwa ameiandika kwenye korido ya hospitali, baba yake akiwa mahututi. Mimi nikauliza kama alikuwa anakimbizwa. Haya maswali mnayoyaona ukutani yametoka kwake. Mkiona kosa lile linatosha kuufunga mwongozo huu, ufungeni, sitabisha. Lakini jueni kilicho kizuri ndani yake ni chake."

Wajumbe walitazamana. Mmoja akaweka kalamu chini.

Kiti kikaburuzwa nyuma.

"Ruhusa ipo," Fundi akasema. Alikuwa amesimama, shati limenyooshwa, mikono imetulia. "Insha ni yangu. Na majibu ni yangu. Nataka wanafunzi wayasome."

Mkuu wa Kitivo alimtazama kwa muda. Akarudisha macho ukutani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, swali na jibu, swali na jibu, mpaka la kumi na nane. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alivua miwani.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," akasema. "Sijawahi kumuuliza mwanafunzi hata moja kati ya haya." Akavuta karatasi ya maamuzi, akatia saini, akaipitisha kwa wenzake. "Mwongozo ufunguliwe leo. Na wewe kijana, uliishia mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza, Mkuu."

"Nani alikuambia umeishia?"

Mama Mkutubi alipiga vigelegele ndani ya chumba cha kamati, jambo ambalo nina hakika halijawahi kutokea tangu chuo kijengwe. Mchoraji alinikumbatia, akamkumbatia mjumbe mmoja ambaye hata hamjui. Kufika saa tisa, wanafunzi mia nne na kumi na mbili walikuwa wameufungua mwongozo, na chini ya ukurasa wa saba walikuwa wameanza kuandika majibu yao wenyewe.

Nilimkuta Fundi kwenye korido.

"Kwa nini ulisema yote yale?" akaniuliza. "Wangeweza kuufunga. Kazi ya miezi minane!"

"Bora wafunge mwongozo kuliko wewe unifungie moyo. Kazi nitapata nyingine."

Akanitazama. Yale macho niliyoyakosa siku tano nzima yakarudi.

"Mwambie baba yako atafute viti vya kutosha," akasema. "Imara. Wajomba zangu ni wanene."

Nilimrukia shingoni pale pale, mbele ya wanafunzi, mbele ya Mkuu wa Kitivo aliyekuwa anatoka.

"Basi, basi," Fundi akacheka. "Niachie, nina mahali napita kabla hawajafunga."

"Wapi?"

"Utajua."

*

Jumapili sebule ya kwetu ilijaa mpaka mlangoni. Wajomba walikaa, viti vikalalamika lakini havikuvunjika. Dada yangu alinibana jikoni, akanong'ona, "Naona 'yule mwingine' amekuja na mama yake," nikamfinya.

Baba yangu ni dereva mstaafu wa malori, maneno yake machache na yote mazito. Aliwasikiliza wajomba mpaka mwisho, kisha akamgeukia Fundi.

"Kijana, unafanya shughuli gani?"

"Natengeneza kompyuta na simu, mzee. Na tangu Ijumaa mchana, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mwaka wa kwanza."

Akatoa karatasi ya usajili mfukoni, akaiweka mezani.

Mimi nilikuwa sijui. Mama yake pia alikuwa hajui. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Umerudi?" akauliza.

"Nimerudi, mama."

Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakawa yanatikisika, na mjomba mkubwa akageuka kutazama dirishani kama kuna kitu muhimu huko nje. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, trei ya soda mkononi.

Baba akasubiri watulie.

"Huko chuoni kuna kuandika kwingi," akasema. "Nani atakusaidia?"

"Binti yako, mzee."

Baba alinitazama, mimi niliyekuwa nasahihisha barua zake tangu nina miaka tisa, na simsamehei hata nukta. Akamrudia Fundi, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mwanangu."

Sebule ikalipuka kwa vicheko. Tulicheka wote, mpaka mjomba mkubwa alipoinua mkono juu na kupaza sauti kuliko wote:

"Ngojeni! Ngojeni, jamani! Mmesikia mzee alivyomwita? 'Mwanangu'!"